Kokteli ya vuli: Pika shira yako, pima kileo, na asiyekunywa asiachwe nje

UKIPITIA TikTok au Instagram kuanzia mwishoni mwa Septemba, utakutana na Wamarekani wakiinua glasi za vinywaji vya rangi ya kaharabu, majani makavu yametapakaa nyuma yao. Ni msimu wao wa majani kupukutika, na kila kinywaji lazima kiwe na tufaha, malenge au mdalasini.

Baadhi ya kamusi huuita msimu huo 'vuli'. Kwetu vuli ni mvua fupi, zile za Oktoba hadi Desemba. Nairobi majani hayageuki mekundu. Kinachoanguka ni maua ya zambarau ya mijakaranda, nawe unayakanyaga kwenye matope ukikimbilia matatu. Lakini kuna jambo tunalofanana nao. Jioni ikinyesha, mtu anatamani kitu chenye viungo, akiwa ndani, na watu wake.

Sasa, glasi moja ya kokteli kwenye baa za Westlands au Kilimani inaweza kumeza pesa ambazo zingenunua vitu vyote vya jikoni vya mbogi nzima. Si ajabu basi mkaamua kukutania kwa keja. Hakuna ubaya. Ila nyumbani hakuna mhudumu anayepima kileo, wala wa kukwambia kwamba sasa inatosha. Kazi hiyo ni yako wewe mwenye keja. Ndiyo maana hapa utapata mapishi, na pia hesabu yake.

Kama hujafikisha miaka 18, ruka hadi sehemu ya strungi. Sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 hairuhusu uuziwe pombe, na mwaka wa 2025 serikali ilitoa sera inayopendekeza umri huo upandishwe hadi 21.

Ladha hii tunaijua

Usidhani unaiga mambo ya ng'ambo. Wamarekani wakisema 'viungo vya malenge', wanamaanisha mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Starbucks ilianza kuuza kahawa yenye ladha hiyo mwaka wa 2003, na tangu hapo imekuwa kama wimbo wa taifa wa msimu. Lakini ebu fungua kabati la mama yeyote wa Mombasa. Utavikuta vyote vinne, tena havisubiri Oktoba.

Viungo hivi vilisafiri kwa bahari kabla ya kufika kwao. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, lakini katika karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizotamba duniani kwa zao hilo, kwa jasho la watumwa waliolazimishwa kufanya kazi mashambani. Hata 'toddy', ile pombe ya moto yenye asali na limau ambayo Waskoti hunywa wakishikwa na mafua, imechukua jina lake kutoka kwa neno la Kihindi la pombe ya mnazi.

Kuna neno jingine litakalokusaidia jikoni: 'punch'. Inasemekana limetokana na neno la Kihindi la tano, kwa sababu kinywaji hicho kilikuwa na vitu vitano: kileo, kitu kitamu, kitu kichachu, maji na viungo. Shika hizo tano kichwani. Kinywaji chako kikikosa ladha, karibu kila mara moja kati ya hizo imezidi au imepungua. Kikikwama kooni kwa utamu, ongeza ndimu. Kikikuuma ulimi, ongeza maji au barafu. Usikimbilie kuongeza pombe. Hiyo hairekebishi chochote.

Shira ya malenge

Kipimo hiki kinatosha glasi sita. Unahitaji:

- Malenge yaliyomenywa, gramu 250
- Sukari guru, gramu 200 (kama huna, sukari ya kahawia ni sawa)
- Maji, kikombe kimoja cha mililita 250
- Vijiti viwili vya mdalasini
- Karafuu sita, usizidishe
- Tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, iliyopondwa
- Kungumanga ya kukwaruza

Chemsha malenge kwanza hadi yalainike, mwaga maji yake, kisha yaponde. Weka sukari guru na kile kikombe cha maji kwenye sufuria safi, koroga hadi iyeyuke. Sukari guru wakati mwingine huwa na mabaki ya miwa, kwa hivyo ichuje kabla ya kuendelea. Tia malenge, mdalasini, karafuu na tangawizi. Punguza moto, acha ichemke polepole kwa dakika 15 huku ukikoroga isishike chini.

Ipue, acha ipoe, halafu ichuje kwa kitambaa safi huku ukikamua. Utapata shira nzito ya rangi ya udongo. Ukiwa na friji, iweke kwenye chupa safi na uitumie ndani ya wiki moja. Ukikosa friji, pika ya siku hiyo tu, maana malenge huchacha haraka.

Glasi moja

Huhitaji vifaa vya baa. Chupa ya jemu yenye kifuniko kinachofunga vizuri inatosha. Tia ndani yake:

- Shira, vijiko vitatu vya mezani
- Juisi ya ndimu, kijiko kimoja na nusu
- Juisi ya tufaha isiyoongezwa sukari, mililita 90
- Ramu au wiski, vijiko viwili vya mezani, yaani mililita 30
- Barafu ya kujaza nusu ya chupa

Funga, tikisa kwa sekunde 15 hadi chupa iwe baridi mkononi, chuja kwenye glasi, kisha kwaruza kungumanga kidogo juu. Kidogo tu. Kungumanga nyingi ni chungu, na ikizidi sana inaweza kukudhuru.

Kama mvua imeleta baridi na unaitaka ya moto, pasha juisi na shira pamoja, mimina kwenye kikombe, tia ndimu, halafu pombe mwisho kabisa. Hapa kuna mambo mawili usiyafanyie mzaha. Kwanza, usitikise kitu cha moto ndani ya chupa iliyofungwa, maana mvuke utasukuma kifuniko na kukuunguza. Pili, kamwe usimwage pombe kali kwenye sufuria iliyo juu ya gesi. Pombe huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 78, kabla ya maji, na mvuke wake unashika moto. Katika bedsitter ambapo meko, pazia na kitanda ni majirani, hiyo ni ngori.

Ya strungi, isiyo na kileo

Katika kila mbogi kuna mtu ambaye leo hanywi. Pengine anaendesha gari. Pengine anameza dawa, ni mjamzito, dini yake hairuhusu, au aliamua kuacha na anapigana kila siku asirudi. Au hataki tu, na hiyo ni sababu tosha. Mara nyingi mtu huyu hupewa soda ya vuguvugu na maswali kumi.

Mtengenezee hii. Tumia kipimo kilekile, ila badala ya pombe tia vijiko viwili vya strungi iliyokolea na kupoa. Chai kavu ina ule ukali kidogo unaokausha ulimi, kwa hivyo kinywaji hakiwi juisi ya watoto. Glasi ileile, kungumanga ileile juu. Akiishika, hakuna atakayejua wala kumuuliza. Tengeneza jagi zima, uliweke pale pale penye vinywaji vingine, na utashangaa wangapi watahamia huko baada ya glasi ya kwanza.

Ila usifanye kinyume. Kumtilia mtu kileo bila yeye kujua si utani.

Hesabu ya kijiko

Mililita 30 za pombe kali ya asilimia 40 zina mililita 12 za kileo halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Kwa hivyo glasi yako, ukiipima hivi, ina zaidi kidogo ya nusu ya bia. Hiyo unaweza kukaa nayo ukipiga stori.

Sasa tuseme umemwaga kwa macho, kama wengi wanavyofanya. Ni rahisi sana kufikisha mililita 90. Hapo kuna mililita 36 za kileo halisi, zaidi ya bia moja na nusu, ndani ya glasi tamu inayoisha kwa dakika kumi. Mbili za namna hiyo ni zaidi ya bia tatu, na mgeni wako atakuapia kwamba amekunywa 'mbili tu'. Hapo ndipo kokteli za nyumbani huwashika watu. Sukari na tangawizi huficha makali, na mwili unakuja kugundua baadaye.

Ini la mtu mzima, kwa wastani, huchukua takriban saa moja kuondoa kileo cha glasi moja iliyopimwa vizuri. Kahawa haiharakishi. Kuoga maji baridi hakuharakishi. Kutapika hakuondoi kilichokwisha kuingia kwenye damu. Kwa hivyo weka kijiko mezani, pika chakula kabla ya kufungua chupa, na maji yawe karibu kuliko pombe.

Angalia chupa

Mapishi yote haya hayana maana kama kilicho ndani ya chupa ni sumu. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walifariki baada ya kunywa pombe hatari, na wengine wakaachwa wakiwa na matatizo ya macho. Haikuuzwa kichakani. Iliuzwa kwenye baa.

Adui mkubwa katika pombe za aina hiyo ni methanoli. Haina rangi, na huwezi kuitambua kwa kuonja wala kunusa, sembuse ikiwa imefichwa na mdalasini. Kuichemsha au kuichanganya na ndimu hakuifanyi iwe salama. Kwa hivyo nunua kwenye duka lenye leseni, hakikisha kizibo hakijafunguliwa, kagua stempu ya ushuru ya KRA na uiskani kwa programu ya Soma Label. Bei ikiwa chini mno kuliko kila mahali, jiulize kwa nini. Na pombe ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, hata kama muuzaji ni msee wenu, isiingie kwenye glasi ya mgeni wako.

Dalili za methanoli zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata hadi kesho yake: kichwa, tumbo, kutapika, kuona ukungu. Mtu akikwambia haoni vizuri, usimwambie alale itaisha. Mpeleke hospitalini mara moja na useme alichokunywa. Kila saa ina maana kwa macho yake na kwa maisha yake. Na yeyote aliyelala kiasi cha kutoamka akiitwa, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi, usimwache peke yake, na upige 999 au 112.

Kabla hawajafika

Pika shira mchana. Tengeneza jagi la strungi kabla ya jagi la pombe. Amua mapema nani analala kwako, na tandika godoro kabla hamjaanza, kwa sababu saa sita usiku kila mtu husema yuko sawa kuendesha. Funguo za gari na za bodaboda zikae kwenye bakuli moja, na bakuli hilo lishikwe na yule anayekunywa strungi.