Akaunti si mkopo: somo nililolipata Kisii

Mwaka 2020 mahoteli ya Diani yalipofunga milango kwa sababu ya korona, shemeji yangu, fundi wa umeme, alibaki nyumbani Ukunda na simu mkononi. Simu ile ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyomchafua. Alikopa elfu tatu kwenye programu moja, akakopa kwingine ili alipe ile ya kwanza. Mkopo wa benki aliokuwa amenunulia pikipiki nao ukakwama. Jina likaenda CRB.

Mwaka uliofuata, rafiki yake Mkisii waliyekuwa wakifanya kazi pamoja hotelini alimwita kwao. Alimwambia kule watu wanajenga, na fundi anayejua nyaya halali njaa. Shemeji akapanda basi, akafikia Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, na akaanza kufanya kazi za vibarua kaunti zote mbili. Alhamdulillah, mambo yakamnyookea. Kufikia mwaka juzi alikuwa na vijana watano chini yake, na akapata kazi yake ya kwanza ya maandishi: kutia umeme na rangi kwenye madarasa mapya ya shule moja upande wa Nyamira, malipo shilingi 214,000.

Shida ikawa moja. Shule haikutaka kumlipa kwa simu wala kwa akaunti yake binafsi. Walitaka akaunti ya biashara, yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Shemeji hakuwa nayo, na hakwenda benki hata kuuliza. Moyoni alishakata shauri kwamba mtu aliye CRB hafunguliwi akaunti. Akamwomba rafiki yake mwenye kampuni ndogo, mkataba ukaandikwa kwa jina la kampuni ile, na pesa zikaingia huko.

Zilikaa siku moja tu. Rafiki naye alikuwa na mkopo wa benki uliochelewa kwa miezi mitano. Benki ilipoona pesa zimeingia, ikakata 140,000 kufidia deni lake. Rafiki hakuiba na benki haikuvunja mkataba wake. Lakini vijana watano wa Nyamira walikuwa wamefanya kazi wiki sita, na Idd ilikuwa imebaki siku nne shemeji aliponipigia simu analia. Nilituma nilichoweza, kisha nikapanda basi la usiku nikamfuata.

Mimi si mtu wa benki. Nina diploma ya uhasibu niliyoisoma kitambo na nimeweka vitabu vya maduka kadhaa hapa Mombasa. Siku nne nilizokaa kule tulizunguka na karatasi mkononi, tukauliza maswali ambayo yangeulizwa mwanzo. Nayaandika hapa kwa sababu najua wako vijana wetu wengi, hapa Pwani na walio bara, wanaojificha vivyo hivyo.

CRB ni nini hasa

Watu wanaitaja CRB kama jela. Ukweli ni kwamba ni daftari la tabia yako ya kukopa na kulipa. Kenya ina kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu ya kuliweka daftari hilo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Benki, na siku hizi sacco na wakopeshaji wengine pia, hupeleka huko habari za wateja, wanaolipa vizuri na wasiolipa. Kabla ya kukuandika vibaya, benki inatakiwa ikupe taarifa siku 30 mbele.

Daftari hilo husomwa mtu anapotaka kukopeshwa. Kufungua akaunti ya kuweka pesa si kukopa. Wewe ndiye unayeipa benki pesa zako izitunze. Hakuna sheria Kenya inayosema aliye CRB asiwe na akaunti. Benki inachotakiwa kukijua kwanza ni wewe ni nani, unafanya biashara gani, na pesa zako zinatoka wapi.

Ila tusidanganyane. Kila benki ina utaratibu wake, na iko inayoweza kukukunjia uso. Mara nyingi kinachowatia hofu si akaunti yenyewe bali vitu viwili vinavyofuatana nayo: kitabu cha hundi na ovadrafti. Hundi ikirudi kwa kukosa pesa ni kosa la jinai Kenya, na ovadrafti ni mkopo kwa jina lingine. Kwa hiyo ukifika kaunta sema wazi: nataka akaunti ya biashara ya kupokea na kutoa pesa, bila hundi, bila ovadrafti. Shemeji alisema maneno hayo katika benki ya pili tuliyoingia mjini Kisii. Yule binti wa kaunta hakuuliza habari za CRB. Aliuliza cheti cha biashara kiko wapi.

Jina la biashara au kampuni

Hapa ndipo penye fundo, na ndipo wengi wanapoumia.

Ukisajili jina la biashara kupitia eCitizen, gharama yake ni karibu shilingi elfu moja. Ni rahisi, lakini kisheria jina lile na wewe ni mtu mmoja. Deni lako ni deni lake. Ukifungua akaunti ya jina hilo katika benki ile ile unayodaiwa, pesa za kazi zinaweza kukatwa kama zilivyokatwa za yule rafiki. Mikataba ya akaunti karibu yote ina kifungu kinachoipa benki ruhusa hiyo, kwenye zile kurasa ambazo sote tunatia sahihi bila kusoma.

Kampuni yenye dhima ndogo, ile inayoishia na neno Limited, ni mtu mwingine mbele ya sheria. Deni lako binafsi si deni la kampuni, ilmradi hukuidhamini wala haikukudhamini. Kuisajili ni zaidi ya shilingi elfu kumi, na ina karatasi nyingi na hesabu za kila mwaka.

Shemeji hakuwa na elfu kumi. Tukachagua jina la biashara, na akaunti tukaifungua kwenye benki asiyodaiwa chochote. Hilo ndilo la kwanza kukumbuka: usiweke pesa za kazi mahali unapodaiwa kabla hujakaa na anayekudai mkaelewana.

Karatasi alizoombwa ni hizi: kitambulisho, PIN ya KRA, cheti cha jina la biashara, leseni ya biashara ya kaunti, picha za pasipoti, na maelezo ya mahali anapofanyia kazi. Wenye kampuni huombwa pia PIN ya kampuni, hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na muhtasari wa kikao ulioidhinisha akaunti na kutaja watakaotia sahihi. Kwa msaada wa eCitizen, Huduma Centre zipo Kisii na Nyamira pia. Baadhi ya benki huomba mtu wa kukujulisha ambaye tayari ni mteja wao. Shemeji alijulishwa na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye amekuwa akinunua nyaya kwake miaka yote hiyo na kulipa taslimu. Jina lake lililochafuka CRB lilikuwa safi dukani.

Kwa anayejali riba, zipo benki za kawaida zenye dirisha la Kiislamu, kama Sahl ya KCB na La Riba ya Absa. Ulizia tawini kama watakufungulia hapo hapo.

Deni lenyewe je?

Akaunti ilifunguliwa, lakini deni halikuondoka. Nilimwambia shemeji tusirudi Keroka kabla hajaiona ripoti yake. Kisheria kila Mkenya ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Alikuwa akiogopa kuifungua kama mtu anayeogopa majibu ya hospitali. Tulikuta madeni matatu, si manane kama alivyodhani, na moja kati ya hayo alikuwa ameshalilipa lakini halikurekebishwa. Likiwa na kosa, unaandika malalamiko kwa kampuni ya CRB yenyewe na kuambatanisha risiti, nao wanatakiwa kulichunguza.

La pikipiki alilipigia simu. Wakakubaliana alipe kidogo kidogo kila mwezi, na makubaliano akayataka kwa maandishi. Msomaji Muislamu akumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukimaliza kulipa, habari haifutiki siku hiyo. Inabadilika kuwa deni lililolipwa, na kumbukumbu ya kwamba ulichelewa hukaa miaka 5. Kwa hiyo anayekuambia umpe elfu tano akufutie jina wiki hii ni tapeli. Tulikutana na wawili kabla ya adhuhuri.

Usilipate jina kwa mkopo

Kazi za serikali na za shule zina mambo mengine ya kujiandaa nayo. Malipo ya kontrakta hukatwa kodi ya asilimia 3 kabla hayajakufikia, ankara inatakiwa ipitie eTIMS ya KRA, na sehemu ya pesa huzuiwa mpaka kazi ihakikishwe haina kasoro. Panga mishahara ya vijana ukijua hayo. Mwenye rekodi mbaya hupata tabu kupewa dhamana ya zabuni na benki, lakini vikundi vya vijana, wanawake na walemavu vilivyosajiliwa AGPO huruhusiwa kujaza fomu ya tamko badala ya dhamana hiyo. Cheti cha AGPO nacho hakipatikani bila akaunti ya biashara. Wala usimtumie mkeo kama kivuli. Akiwa kwenye karatasi, awe kwenye kazi kweli, maana deni likija litamfuata yeye.

Vijana watano walilipwa, ila iliwachukua miezi minne, na wawili hawakurudi. Rafiki mwenye kampuni amerudisha 60,000 mpaka sasa. Shemeji hamdai kwa ugomvi, kwani yeye ndiye aliyekwenda kuazima jina.

Nilipokuwa napanda basi kurudi nilimuuliza kwa nini hakuuliza benki tangu mwanzo. Akaniambia, "Shemeji, niliona haya." Haya ile ilimgharimu shilingi 140,000. Kuuliza kaunta ni bure, na wakikukataa benki hii, kuna nyingine ng'ambo ya barabara.