Vipengele vya Bunilizi: Hadithi Ingetokea Cheptais

Aghalabu mwanafunzi anapoulizwa vipengele vya bunilizi hutaja msuko, wahusika, mandhari, usimulizi na dhamira kana kwamba kila kimoja husimama peke yake. Makala haya yananuia kuonyesha jinsi vinavyotegemeana.

Tuchukue Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Uganda. Kati ya mwaka 2006 na 2008 eneo la Mlima Elgon lilikumbwa na mapigano yaliyochochewa hasa na ugawaji wa ardhi katika mradi wa makazi wa Chepyuk. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi. Raia waliumizwa na wanamgambo, na wengine wakaumizwa katika operesheni hiyo. Hizo ni habari. Bado si hadithi.

Sasa tubuni mhusika: kijana anayetumwa na nyanyake kurudi katika boma walilolihama, akachukue barua ya kugawiwa shamba. Ana lengo. Kikwazo ni kakake, ambaye amejiunga na wanamgambo na ndiye anayelinda njia. Kakake alijiunga kwa kuwa familia ilinyimwa shamba. Barua inatafutwa kwa sababu iyo hiyo. Tukio limezaa tukio, na huo ndio msuko.

Mandhari nayo si pambo. Mahindi marefu yanamficha kijana, lakini pia yanamficha anayemvizia. Yakivunwa, taharuki hiyo inatoweka.

Je, nani asimulie? Ken Walibora, katika *Siku Njema* (1996), alimpa Kongowea nafsi ya kwanza, nasi tukasafiri naye kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake tukijua yale tu aliyoyajua. Kijana wetu akisimulia hivyo, kakake atabaki kitisho njiani. Msimulizi maizi akitumika, tutaingia pia moyoni mwa kaka na kukuta hofu ileile. Matukio ni yale yale, ila dhamira imebadilika: ya kwanza yaelekea kuwa usaliti, ya pili ni hasara ya ndugu wote wawili.

Ndiposa uchaguzi wa msimulizi si suala la mtindo pekee. Mahali ambapo majirani wangali wanaishi pamoja baada ya umwagaji damu, hadithi inayomfanya kila mtu wa upande mmoja kuwa shetani yaweza kutonesha kidonda. Mwanafunzi anayetoka huko na anayetaka kuandika aanze kwa kujiuliza: ni nani katika hadithi yangu ambaye bado sijamsikiliza?