Simba wa Njombe asingeruhusiwa mezani

Katika toleo la mwaka 2014 la Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu, askari wa porini anaweza kujichagulia mnyama wa kupigana naye bega kwa bega. Mbwa mwitu ruksa. Simba hapana, kanuni zinasema ni mkubwa na mkali mno. Mtu wa Makambako, Njombe, akisoma hapo lazima acheke, maana huku kuna habari ya simba ya kumtoa udenda mtunzi yeyote wa michezo.

Mchezo wenyewe ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia, wenzake wanashika wahusika, na dadu ya pande 20 inaamua kama panga limempata adui au limekata hewa. Ubishi kuhusu mnyama ni wa siku nyingi: anafaa vitani, au ni mdomo wa kulishwa tu? Toleo la tatu lilimpa mganga wa msituni mnyama mkali kiasi kwamba mpiganaji wa panga alijiona mpagazi. Toleo la 2014 likakaza kamba kupita kiasi: katika ngazi za mwanzo, ili mnyama ang'ate, ni lazima bwana wake mwenyewe aache kupiga. Sasa mbwa mwitu wa nini? Kitabu cha nyongeza cha 2020 kililegeza, lakini hesabu ikabaki ileile, ya meno.

Turudi Njombe. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1947, simba walikula watu katika wilaya hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa na Makambako ndani yake. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 1,500. Bwana nyama George Rushby aliwapiga simba 15 kabla balaa halijakoma. Maelezo ya kitaalamu ni kwamba serikali ya kikoloni iliua wanyamapori ili sotoka isivuke kwenda kusini, na simba waliokosa mawindo wakageukia binadamu.

Wenyeji walikuwa na maelezo yao. Simba wale, walisema, wametumwa na Matamula Mangera, mganga aliyevuliwa uongozi wa kijiji. Hata kuwataja watu waliogopa, na Rushby alihangaika kupata habari ya mahali walipopita. Matamula aliporudishiwa cheo na simba wakatoweka, wengi hawakuuliza tena risasi zilifanya nini.

Sina haja ya kuamua kama aliwatuma. Nitazame kimchezo tu: huyu ni mtu ambaye hakupoteza zamu hata moja, hakusimama karibu na mnyama wake, na mwishowe akapata alichotaka. Wachezaji wanaobishana jino lina pointi ngapi wameshika mkia wa jambo.

Na si lazima mnyama awe wa kutisha. Pale Morogoro, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya anafungwa kamba kifuani, anatembea kufuata uzi ulionyooshwa, akisikia harufu ya baruti anaparua udongo, kisha anapewa kipande cha ndizi. Ana kilo moja na kidogo, hivyo bomu halishtuki chini yake. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, aligundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa nusu saa. Mtu na kifaa chake cha kutafutia chuma anaweza kuchukua siku kadhaa.

Katika kitabu cha mchezo cha toleo la 2014 panya ana uhai wa pointi 1, na jino lake pia pointi 1. Chini yake kuna mstari mmoja tu unaosema pua yake ni kali. Msimulizi akitega mabomu kwenye sakafu ya pango, kundi lenye dubu litalipuka naye mlangoni.