Vumbi la dhahabu Migori: usiulize tu ni kiasi gani, uliza lina nini

Ukifika machimbo ya Macalder, kaunti ya Migori, wakati wa kiangazi, utasikia mashine za kusaga mawe kabla hujaona shimo lolote. Vumbi lake hutua kila mahali: kwenye nguo, mboga, hata chai. Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kupima hewa vinavyotoshea mkononi. Kiwashe hapo, kitakupa namba papo hapo. Lakini hiyo namba haijui kama ni vumbi la mgodi ama la unga wa posho.

Kifaa hicho hutumia leza. Chembe zikipita, mwanga hutawanyika, nacho hukadiria uzito wake. Zinazotafutwa hasa hazizidi maikroni 2.5, karibu sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, kwani hizo huzama hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza wastani wa siku usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Sawa, lakini 15 za udongo si sawa na 15 za madini ya risasi. (Na ukikiweka ufuoni Homa Bay alfajiri, ukungu wa ziwa unaweza kukihadaa kikadhani ni moshi.)

Kujua kemikali, lazima unase vumbi lenyewe. Pampu huvuta hewa kupitia kichujio, mara nyingi saa 24. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada, kisha maabara hukimulika kwa eksirei. Risasi, aseniki, chuma: kila moja hurudisha mwale wake.

Moshi wa kukaushia samaki Homa Bay ni hadithi nyingine. Sumu zake nyingi ni za kaboni, kwa hivyo eksirei haisaidii; kichujio hulowekwa kwenye kiyeyushi, kisha kemikali zikatenganishwa moja moja.

Halafu kuna zebaki, mjanja wao wote. Mchimbaji akichoma donge la zebaki na dhahabu, zebaki hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu, na mwingi hupenya kichujio ukaenda zake. Unahitaji kifaa chake maalum. Kwa hivyo ukiambiwa "kichujio hakina zebaki", usishangilie bado.

Watafiti wakija kwenu, waulize pia walipima wapi. Pampu ikiwekwa juu ya paa la ofisi, haitajua anachovuta mama anayeponda mawe akiwa ameketi chini. Kuna pampu ndogo za kufunga kiunoni, kichujio kikabanwa kwenye kola, karibu na pua yake.