Vifaranga wa samaki wakifa, hesabu siku kabla ya kugombana

Ikiwa wewe ni mfugaji wa samaki huko Rongo, Awendo, Ndhiwa au Oyugis, kisa hiki si kigeni kwako. Chama kimechanga pesa, kimechimba bwawa na kuagiza vifaranga elfu moja wa ngege. Gari linafika, mifuko inafunguliwa, vigelegele vinapigwa. Siku ya nne kina mama wanaamkia bwawani na kukuta samaki wakielea tumbo juu. Muuzaji akipigiwa simu anang'aka kwamba samaki wake walitoka wazima. Hapo ndipo maneno huanza, na mara nyingi mweka hazina ndiye huandamwa.

Ufugaji huu ulipata nguvu tangu mwaka wa 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi na kugharimia mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Tatizo ni kwamba vifaranga hawazaliwi mlangoni pa kila mtu. Mtu wa Homa Bay huenda akawatoa kituo cha Sang'oro, Nyakach, wakapitia Kendu Bay. Wa Migori huenda akawatoa Kegati, karibu na Kisii. Vituo hivyo viwili ni vya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, na wapo pia wauzaji wa kibinafsi.

Sasa, kabla hujapiga simu kwa hasira, hesabu siku.

Waliokufa siku ileile au kesho yake asubuhi, kwa kawaida wameuawa na safari au na mapokezi. Samaki akiwa mfukoni hutoa hewa chafu ya kaboni na pia amonia. Kaboni hiyo huyafanya maji yawe na uchachu, na uchachu huo ndio unaopunguza ukali wa amonia. Ukifungua mfuko kisha ukaanza kuhesabu kifaranga mmoja mmoja katika maji yaleyale, kaboni hutoroka, uchachu hupungua, na amonia hugeuka sumu kali. Nadhani vifaranga wengi wa vyama hufa mfuko ukiwa wazi huku watu wakimngojea chifu aje kutoa hotuba!

Uelekeze mfuko majini ukiwa bado umefungwa, kivulini, dakika 20 hadi 30, ili joto lilingane. Kisha ufungue, utie maji ya bwawa kidogo kidogo kwa dakika chache, na uwaache samaki watoke wenyewe. Muuzaji naye anapaswa kuwanyima chakula siku moja kabla ya safari, kwa sababu samaki aliyeshiba huchafua maji ya mfuko haraka.

Vifo vya siku ya tatu hadi ya saba ni habari nyingine. Hapo mara nyingi ni ugonjwa. Samaki aliyekwaruzwa na wavu hupoteza ute unaomkinga, na viini hupata mlango. Mtazame vizuri. Baka jeupe mgongoni mfano wa tandiko la punda, pamoja na mapezi yaliyoliwaliwa, huashiria bakteria. Nyuzi kama pamba ni kuvu. Vidoa kama chembe za chumvi ni vimelea, nao ni wasumbufu kwa sababu hujificha chini ya ngozi ambako dawa haifiki. Huuawa tu wanapotoka kutafuta samaki mwingine, ndiyo maana tiba ya mara moja haitoshi.

Chumvi ya jikoni husaidia kwa vimelea na kuvu. Tia gramu 200 katika debe la lita 20, yaani chini ya nusu ya pakiti ya nusu kilo, na uwaweke humo vifaranga kwa dakika 10 hivi. Simama hapo hapo. Wakianza kulala ubavu, watoe mara moja. Usimwage chumvi bwawani, utaimaliza duka zima bure.

Lakini usinunue dawa za bakteria dukani kwa kukisia. Hawa ni samaki wa kuliwa, na dawa hizo ni za kuagizwa na daktari wa mifugo. Hata malakaiti ya kijani, ambayo wafugaji wa samaki wa urembo wameitumia miaka mingi, imekatazwa kwa samaki wa kuliwa huko Ulaya na Marekani.

Lipo lalamiko la tatu: samaki hawakufa, wamepungua tu. Mnunuzi hudhani alipunjwa. Huenda ni mdiria, mnandi, kenge au fisi maji waliokula. Dawa ya ubishi huu ni rahisi. Weka vifaranga 100 ndani ya kizimba kidogo cha wavu bwawani humo kwa wiki ya kwanza. Wakibaki 100 huku wengine wakitoweka, muuzaji hana kosa.

Nawe muuzaji, usimjibu mteja kwa kiburi. Muulize walifika saa ngapi, mfuko ulifunguliwa vipi, chokaa ilitiwa bwawani lini. Andikeni mapema, kabla pesa hazijabadilishana mikono, nani atalipia vifo vya njiani na nani vya wiki ya kwanza. Mteja apige picha na kuwahesabu waliokufa. Ampelekee afisa wa uvuvi wa kaunti samaki mgonjwa aliye hai bado, kwa kuwa mfu huoza upesi na hauoni tena kilichomuua.

Waliokufa wazikwe mbali na maji na kumwagiwa chokaa. Ukiwatupa kijitoni, mto Kuja utaupeleka ugonjwa hadi ziwani, ambako wenzako wana vizimba vyao.