Kompyuta Iliyofutwa, Vifurushi vya Marekebisho na Suala la Lugha Mjini Uvira

Mfumo wa uendeshaji unaposakinishwa upya katika kompyuta iliyofutwa, hurejea katika hali ya siku ilipotengenezwa diski yake. Diski ya Windows XP ya mwaka 2001 haina habari ya kasoro zilizogunduliwa baadaye. Agosti 2003, programu haribifu iitwayo Blaster ilipenya kwa kutumia mojawapo ya kasoro hizo. Mashine isiyo na kinga iliweza kuambukizwa kabla mwenyewe hajamaliza kupakua viraka. Kwa hiyo kifurushi cha marekebisho, yaani mkusanyo wa viraka vilivyotangulia, kilipaswa kusakinishwa kwanza kutoka kwenye sidii, waya wa mtandao ukiwa umechomolewa. Kifurushi cha tatu cha Windows XP, cha mwaka 2008, hakikukubali kuwekwa juu ya mfumo mtupu wa 2001: sharti cha kwanza au cha pili kitangulie. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mfumo wote waweza kukataa kuwaka.

Hayo ni ya ufundi tu. Jambo zito zaidi, hasa kwa mtaa kama Mulongwe, ni lugha. Kongo hutumia Kifaransa maofisini na shuleni, na kompyuta zake nyingi huja na mfumo wa Kifaransa na kibodi ya AZERTY. Vifurushi vya Windows XP vilifungamana na lugha: kile cha Kiingereza hukataliwa na mfumo wa Kifaransa. Isitoshe, Microsoft ilipotoa sura ya Kiswahili ya Windows, sura hiyo iliegemezwa kwenye mfumo wa Kiingereza. Mswahili wa Uvira, mwenye mashine ya Kifaransa, aliachwa nje ya mlango uliofunguliwa kwa jina la lugha yake. Ni vigumu kuamini kwamba waliopanga hivyo walikumbuka kuwa Kiswahili huvuka Ziwa Tanganyika.

Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haikumdai mtumiaji Kiingereza cha Windows, kwani iliweza kutumika hata juu ya Linux.

Kuanzia Windows Vista, vifurushi viliacha kubagua lugha kwa namna ile. Na Windows 10, ya mwaka 2015, ikaacha vifurushi vyenyewe. Windows XP haihudumiwi tangu 8 Aprili 2014, na kompyuta inayoitumia yafaa ibaki nje ya mtandao.