Kanisa si kombe la mtoano



Hapa Tanga tuna msemo wetu wa siku nyingi: waja leo, waondoka leo. Wageni huuchekea, lakini mpenzi wa soka akiusikia anaweza kudhani umetungwa kwa ajili ya kombe la mtoano. Kwenye ligi, ukifungwa Jumapili unajipanga kwa Jumatano. Kwenye mtoano ukifungwa unafunga mabegi. Ndiyo maana vijana wa Ngamiani na Chumbageni hujazana kwenye vibanda umiza Kombe la FA la Uingereza linapochezwa. Wanataka kuona mkubwa akianguka, kama mwaka 2013 Wigan ilipoifunga Manchester City 1-0 katika fainali. Siku tatu baadaye, Wigan hiyohiyo ikashuka daraja.

Nasi tunayo ya kwetu. Julai 2, 2022, Wagosi wa Kaya, Coastal Union, walikutana na Yanga kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports. Dakika 120 ziliisha kwa sare ya 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal alifunga kijana mmoja, Abdul Suleiman ‘Sopu’. Zikaja penalti, Yanga wakabeba kombe. Mtu anafunga mabao matatu katika fainali, na bado anarudi mikono mitupu! Mtoano hauulizi umejitoa kiasi gani. Unauliza umeshinda au umeshindwa, basi.

Waingereza wenyewe zamani walikuwa na huruma kidogo. Timu zikitoka sare, mechi ilirudiwa siku nyingine. Mwaka 1971 timu mbili ndogo, Alvechurch na Oxford City, zilikutana mara sita kabla mshindi hajapatikana. Zilicheza saa 11 kwa jumla, mpaka Alvechurch iliposhinda 1-0. Kuanzia msimu wa 2024/25, mechi za marudio zimefutwa tangu raundi ya kwanza ya mashindano yenyewe, kwa kuwa ratiba imejaa. Sasa mambo yote huamuliwa siku hiyohiyo.

Sina ugomvi na waandaaji. Kombe ni moja, lazima bingwa awe mmoja. Kinachonisumbua ni kwamba sheria ya uwanjani tumeihamishia majumbani mwetu, na hata kwenye jumuiya zetu ndogondogo. Binti akipata mimba akiwa kidato cha pili, tunamtoa; hata sare ya kwaya anaambiwa airudishe. Kijana akipata sifuri mtihani wa kidato cha nne, baba anaacha kulitaja jina lake mbele ya wageni. Mzee aliyewahi kutumia fedha za jumuiya, akatubu na kuzilipa zote, mpaka leo akisimama kusoma somo watu wanakonyezana. Kosa moja, na mtu yuko nje ya mashindano.

Jambo hili halikuanza kwetu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, Paulo na Barnaba wanapanga safari ya pili ya kuzitembelea jumuiya. Barnaba anataka kumchukua Yohane Marko. Paulo anakataa katakata, kwa sababu safari ya kwanza kijana huyo aliwaacha njiani, kule Pamfilia. Ugomvi ukawa mkali hata mitume hao wawili wakaachana. Paulo akamchukua Sila. Barnaba akamchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro.

Tuseme ukweli: Paulo hakuwa na hoja dhaifu. Kazi ilikuwa ngumu, na aliyekimbia mara moja angeweza kukimbia tena. Lakini Barnaba alimpa kijana mechi ya marudio. Miaka ilipita. Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, Paulo yumo kifungoni, na anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Mapokeo ya Kanisa yanamtambua Marko huyo kuwa ndiye Mwinjili. Kama kauli ya Paulo siku ile ndiyo ingekuwa ya mwisho, tungekosa nini?

Najua wapo watakaosema: “Padre, tukiwarudisha hawa, tutawafundisha na wengine kukosa.” Neno hilo ni zito, wala halisemwi na watu wabaya. Lakini mechi ya marudio si ushindi wa mezani. Anayerudiana anaingia uwanjani na kutoka jasho upya. Petro alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa. Baada ya Ufufuko, kando ya moto mwingine wa makaa, aliulizwa mara tatu kama anampenda, mpaka akahuzunika. Hakuambiwa kwamba lile la kwanza halikutokea. Alipewa nafasi ya kujibu tena, kisha akakabidhiwa kondoo. Hata Kitubio hakifuti ukweli wa dhambi; kinamfungulia mwenye dhambi mlango wa kurudi.

Novemba 2021 Serikali yetu ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Kwa miaka mingi, kwa binti mjamzito, shule ilikuwa mtoano. Lango sasa liko wazi, lakini tangazo halimlei mtoto mchanga mama yake akiwa darasani. Halinunui madaftari. Halimzibi mdomo jirani anayecheka binti akipita na sare yake. Hapo ndipo anapotakiwa Barnaba: bibi wa Pongwe atakayembeba mjukuu mpaka saa tisa, mwenyekiti wa jumuiya atakayekemea masimango, baba atakayesema mbele ya wageni, “Huyu ni mwanangu, anarudia mtihani.”

Msomaji mpendwa, wiki hii litafute jina moja la mtu ambaye jumuiya yako ilimtoa. Nenda kwake, ukae naye, umuulize anahitaji nini ili arudi. Usiende na hotuba.

Msemo wetu na ubaki huko kwenye soka. Ndani ya Kanisa, aliyeondoka jana tumsubiri leo.

Nawatakia Jumapili njema.